Maoni Niliyoyafuta Msibani

Nilipokuwa na blogu nilikuwa na wasomaji kumi na wawili wa uhakika, na watatu kati yao nilikuwa mimi mwenyewe: mimi wa kwenye simu, mimi wa kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, na mimi wa kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi ya Njombe, ambako nilikuwa nalipia nusu saa ili nione blogu yangu inavyoonekana kwa watu wengine. Niliandika habari za kwetu: mvua, barabara, ugonjwa wa viazi, vikao vya wazazi, nani kafiwa. Nafundisha uraia sekondari, kwa hiyo kila habari niliimalizia kwa aya ya nasaha. Mume wangu, fundi redio, alikuwa akisema anaisoma kila siku, ila anaishia pale nasaha inapoanza.

Kisha nikaandika kuhusu daraja lililobomoka, na ghafla watu wakaja. Wa Makambako wakasema Njombe inadekezwa kwa kuwa ndiko makao makuu ya mkoa. Wa Njombe wakajibu kwamba Makambako si mji, ni mahali ambapo malori yalisimama kuchimba dawa vichakani yakasahau kuondoka. Nilicheka peke yangu ofisini, nikajiona nimefika. Nilikuwa sikagui maoni ya mtu. Kila kilichoandikwa kilitokea hapo hapo.

Katika kutokagua huko, mtu asiyejitaja akaandika uongo mchafu juu ya mama mmoja mwenye duka Makambako. Ulikaa pale siku nne, mimi nikihesabu wasomaji. Yule mama alipanda gari akaja mpaka shuleni, akanisubiri nimalize kipindi, kisha akaniomba kwa upole nimfutie, kwa sababu watoto wake wanasoma na wenzao wana simu. Hakunigombeza. Nilifuta mbele yake, na mpaka leo nikikumbuka alivyoniambia "asante, mwalimu" naona aibu.

Ningeishia hapo, nikawa nakagua tu, mambo yangekwisha. Lakini mimi ni mwalimu wa uraia, na mwalimu wa uraia akipata aibu huitungia kanuni. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wenye blogu wa nchi za nje walikuwa wanajadili kujiwekea taratibu za ustaarabu kwa hiari yao, bila kusukumwa na serikali, na kwamba aliyezikubali angebandika nembo ili wageni wajue wameingia nyumba ya watu waungwana. Nikaitumia likizo nzima kuandika za kwangu. Zilikuwa saba. Ya kwanza ilisema: usiandike jambo usiloweza kumwambia mtu usoni. Ya tatu ilikataza matusi dhidi ya kabila, dini na marehemu. Ya tano ilikataza vitisho. Nyingine zilikuwa maelezo ya hizo, maana ualimu hauishi kwa kusema mara moja.

Nembo niliichora mwenyewe kwenye kompyuta. Nilikusudia ngao. Ikatoka mviringo wenye mabaka, na mume wangu akaniuliza kama nimeanza kutangaza mbegu za viazi. Nikawaandikia wenye blogu wote wa mkoa niliowafahamu, nikiwaalika tuungane. Alikubali mmoja tu, jamaa wa Makambako mwenye blogu ya mpira, akaibandika nembo yangu katikati ya matokeo ya mechi, na wasomaji wake wakamuuliza hicho kiazi ni timu ya wapi.

Sikukata tamaa. Nilizichapa kanuni zangu, nikazipiga laminesheni, nikazibandika sebuleni juu ya televisheni. Tangu siku ile hakuna neno lililopita bila mkono wangu. Madaraka yalinikolea haraka kuliko nilivyotarajia. Mtu akiandika "mjinga wewe" nilimfuta na kumwachia taarifa: maoni yako yameondolewa kwa kukiuka kanuni fulani. Nilipenda hasa neno "yameondolewa," kwa sababu halisemi nani ameondoa.

Baba yangu mdogo alifariki Jumapili alfajiri, nyumbani kwake Kifanya. Alikuwa mkulima wa viazi na mwenye shamba la misonobari, mtu mfupi mwenye koti moja la majira yote. Nilimpenda. Ndiye aliyenilipia nauli ya kwenda chuo cha ualimu, na kila tulipoonana alinikumbusha jambo hilo mbele za watu. Ukoo ulipokaa kugawana kazi, mmoja akapewa jeneza, mwingine kuni, na mimi, kwa kuwa nilikuwa "mtu wa mitandao," nikapewa kutangaza.

Niliandika tangazo zuri. Nikaweka picha, siku ya maziko kuwa Jumatano, na maelezo ya kufika. Kule nyumbani mtandao ulikuwa unapatikana sehemu moja tu, juu ya rundo la mbao nyuma ya jiko, kwa hiyo kila baada ya muda nilikuwa napanda juu ya mbao, mwalimu mzima na khanga kiunoni, huku akina mama wanaomenya viazi wakiniangalia kutoka chini. Rambirambi zilikuwa zinamiminika. Pumzika kwa amani. Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Poleni wafiwa. Zilifika arobaini, nyingine kutoka kwa watu wasiowahi kukanyaga Kifanya, na mimi nikawa nazipitisha moja moja kama karani wa uchaguzi. Nakiri kwamba huzuni yangu ilikuwa na kijiko cha fahari ndani yake.

Jumatatu baada ya alasiri yakaingia maoni ya mtu aliyejiita Mwenye Ng'ombe. Yalisema hivi:

"Huyo Mbena mchoyo amekufa bila kunirudishia ng'ombe wangu. Miaka thelathini nimembebea viazi vyake mpaka Dar es Salaam, na miaka thelathini ameweka vikubwa juu na vidogo chini. Chai ya kwake anakunywa kavu, ya kwangu anatia vijiko vinne vya sukari. Mwoga huyo, aliona chura Makambako akapanda juu ya lori. Msimzike mpaka tufike. Mkimzika bila sisi tutamfukua tumpeleke Songea akachunge."

Nilisimama juu ya zile mbao damu ikinichemka. Marehemu katukanwa, kabila limetukanwa, na kitisho cha kufukua kaburi juu yake. Kanuni zangu hazikuwahi kupata mhalifu aliyekamilika namna ile. Nikafuta. Kisha, kwa kuwa sikutosheka na kufuta, nikaandika taarifa: "Ndugu Mwenye Ng'ombe, maoni yako yameondolewa kwa kukiuka Kanuni ya Tatu na ya Tano. Familia inaomba heshima katika kipindi hiki kigumu."

Saa moja baadaye jibu likaja. "Tumesikia. Kama ndivyo familia inavyotaka, tunaheshimu. Poleni sana." Nikalipitisha kwa furaha. Nilishuka kwenye mbao nikamwambia mume wangu, ona, kanuni zinafanya kazi, hata mhuni akiambiwa vizuri anastaarabika. Mume wangu aliuliza huyo mhuni alikuwa ameandika nini. Nikamwambia siwezi kurudia.

Hapa ndipo msomaji atakapokuwa ameshika kichwa, kwa sababu mtoto wa darasa la pili Njombe anajua kwamba Wabena na Wangoni ni watani, na kwamba mtani msibani hasemi pole. Anakuja akidai ng'ombe walioibwa enzi za mababu. Anavaa koti la marehemu na kutembea kama yeye. Analala ndani ya kaburi na kukataa kutoka, anawakalia wapishi, anafichua uchoyo wa marehemu mbele ya mchungaji, na katikati ya hayo ndiye anayechimba kaburi na kubeba maji. Nimewaona tangu utotoni. Nimewahi kufundisha kipindi kizima cha utani wa makabila, ubaoni, kwa chaki za rangi mbili. Ningeyasikia yale maneno kwa sauti ya mtu anayekuja kutoka barabarani, ningeanza kucheka kabla hajafika. Lakini niliyasoma kwenye kioo cha simu, nikiwa juu ya rundo la mbao, nimevaa cheo.

Jumatano tukazika. Sijawahi kuona maziko yenye utaratibu vile. Kwaya iliimba, mchungaji akahubiri kwa kifupi, jeneza likashuka bila mtu kulizuia, udongo ukarudishwa, wageni wakala wali wakiwa wamekaa kwenye mistari. Hakuna aliyepaza sauti. Mimi, Mungu anisamehe, nilipendezwa. Nilikuwa naona kama mji wetu umeanza kuelimika. Kitu kimoja tu kilinisumbua, nacho ni kwamba mama mdogo, mjane, alikuwa haangalii kaburi. Alikuwa anaangalia barabara.

Jioni nilimpelekea chai chumbani, alikokuwa amekaa kwenye godoro na akina mama wawili. Akaipokea, hakuinywa.

"Wangoni hawakuja," akasema.

"Labda wamekosa usafiri, mama."

"Mwenye malori akose usafiri?" Akatikisa kichwa. "Miaka thelathini yule mzee wa Makambako anaingia hapa kama kwake. Anaanza kupiga kelele kule kwenye miti, Mwenye Ng'ombe nimefika, nitoleeni ng'ombe wangu! Na baba yako mdogo, mtu na wajukuu, anakwenda kujificha chini ya kitanda. Nilikuwa nawapikia huku nacheka." Akageuza kikombe mkononi. "Kumbe mwenzetu alikuwa anamchukia kweli. Mimi miaka yote nikidhani ni utani."

Ndipo nilipomtambua Mwenye Ng'ombe wangu. Ningeweza kusema pale pale. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Badala yake nilimwongezea chai kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikamwagika kwenye sahani, nikaomba radhi kwa chai.

Alhamisi nzima sikusema. Nilifagia uwanja mara tatu. Mama mdogo alikuwa anaendelea na hesabu yake ya ndani, na kila aliponiona alinipa kipande. Kumbe ndiyo maana mwaka ule yule mzee alikataa kulala. Kumbe ndiyo maana siku ile hakumaliza ugali. Alikuwa anarudi nyuma, anaichukua miaka ya mume wake mmoja baada ya mwingine na kuiharibu, na aliyempa sababu ya kufanya hivyo nilikuwa mimi. Nililia chooni. Kisha nikamweleza mume wangu, naye hakunicheka, jambo lililonionyesha ukubwa wa kosa.

"Nenda Makambako," akasema. "Na ile lugha yako ya matangazo uiache hapa."

Sikuiacha. Ijumaa mchana niliteremka Makambako, upepo wa pale ukinijaza vumbi mdomoni, nikauliza mpaka nikafika kwenye uwanja wanakopakilia malori nyuma ya maduka. Mzee alikuwa ndiyo kwanza ametoka msikitini, kanzu nyeupe, kofia, fimbo. Nilimfahamu mara moja. Alikuwa amewahi kunibeba mgongoni nikiwa mtoto, akitangaza kwamba ananipeleka Songea nikauzwe.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Kaa. Poleni na msiba. Mungu awape subira."

Akaagiza niletewe soda. Nimewahi kuwaogopa watu wengi, wakaguzi wa shule wakiwemo, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoiogopa ile soda. Mtani anayekukaribisha kwa heshima amekwisha kufunga mlango. Nikasimama nikasema nimekuja kwa niaba yangu binafsi kuwasilisha masikitiko yangu kutokana na hitilafu iliyojitokeza katika uendeshaji wa maoni.

"Hakuna tabu," akasema. "Familia ilisema inataka heshima. Tumeheshimu."

"Haikuwa familia, baba. Nilikuwa mimi peke yangu."

Akaegemea fimbo yake. "Mwalimu, kanuni yako ya kwanza inasemaje? Niliisoma."

Nikamkariria, kama mwanafunzi: usiandike jambo usiloweza kumwambia mtu usoni.

"Haya. Yale yote nimemwambia usoni. La chura nimemwambia kila mwaka. Hao wenzangu waliomwandikia pumzika kwa amani, nani aliwahi kumwambia hivyo usoni?" Akachora mstari vumbini kwa fimbo. "Niliandika kwa kidole kimoja. Nilianza baada ya adhuhuri, nikamaliza alasiri inaadhiniwa. Nilikuwa nimeshapanga gari na watu kumi na wanne."

Nikaona njia moja tu imebaki, na ilikuwa mbaya. Nikavuta pumzi nikapaza sauti, wapakiaji wakageuka na magunia yao mabegani.

"Ninyi Wangoni," nikasema, "kihistoria, ni jamii ambayo..." Nikakwama. "Ni wezi! Wezi wa ng'ombe! Na wewe mzee ni mwizi mkubwa kuliko wote, na... na lori lako limechakaa!"

Pembe za mdomo wake zikaanza kucheza.

"Mwalimu," akasema, "unatukana kama unasoma taarifa ya habari."

Wapakiaji wakaangua kicheko, mmoja akatua gunia ili acheke vizuri. Nami nikacheka huku machozi yakinitoka, nikaambiwa nikae ninywe soda yangu ya wizi. Kisha akaniuliza kama matanga yanaanuliwa kesho. Nikasema ndiyo. Akasema atakuja na watu wake, lakini yeye hatasema neno. Maneno yake nilikuwa nimeyachukua mimi, na mimi ndiye nitakayeyasema.

Bahati mbaya yangu, kila maoni yaliyoingia kwenye blogu yalikuwa yanatumwa pia kwenye barua pepe, kwa hiyo sikuweza hata kudai kwamba yamepotea. Jumamosi asubuhi, ukoo umejaa uwanjani, mchungaji kwenye kiti cha mbele, tukasikia kelele kutoka kwenye miti: Mwenye Ng'ombe amefika! Watu kumi na wanne waliingia wakiwapiga kumbo wapishi na kuchukua sufuria. Mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi akalilalia. Mama mdogo alisimama mlangoni akishika fremu, uso wake haujui uende wapi.

Mzee akainua fimbo, wakanyamaza. "Mama," akasema, "siku ile nilituma barua, ikachelewa njiani. Mwalimu anayo. Atasoma."

Nikasoma. Nilianza chini chini, naye akagonga fimbo: "Sauti! Ulipokuwa juu ya mbao hukuona haya." Sijui nani alimweleza habari za mbao, namshuku mume wangu. Nikasoma kwa sauti, mbele ya mchungaji, kwamba baba yangu mdogo alikuwa mchoyo. Nilipofika kwenye viazi vikubwa juu na vidogo chini, mama mdogo akapiga kofi mlango.

"Kweli!" akasema. "Mimi ndiye nilikuwa namshikia gunia!"

Uwanja ukalipuka. Nilipofika kwenye chura mama mdogo alikuwa amekaa chini, khanga mdomoni, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, mpaka nikaona ni vyote. Alilia kilio ambacho hakukilia Jumatano. Mzee alikwenda akachutama karibu naye, akamwambia jambo kwa sauti ndogo ambalo sikulisikia, naye akamjibu kwa kumsukuma bega na kumwita mwizi.

Baadaye, watu wakila, mama mdogo aliniita. Akaomba aione hiyo barua. Nikampa simu, akaishika mbali na macho, akiifuata mistari kwa kidole taratibu.

"Msimzike mpaka tufike," akasoma. Akainua uso. "Mzee anasema ilichelewa njiani. Ilichelewa wapi?"

Yule mzee alikuwa hatua tatu kutoka pale, amenipa mgongo makusudi. Alikuwa ameniachia mlango wa kutokea, na kwa muda mfupi nilitamani kuutumia.

"Kwangu, mama," nikasema. "Niliipata Jumatatu. Nikaifuta. Na yale ya kwamba familia inaomba heshima, niliyaandika mimi."

Akanirudishia simu. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Ungeniuliza, mwanangu," akasema. "Mume alikuwa wangu."